Mti wa maua kwa kiwanja cha futi 50 kwa 100: ununue upi?

Watu wananionyesha kwenye simu picha za dogiwudi, ule mti wa Marekani unaofunikwa na maua meupe, wakiuliza mche wake unapatikana wapi Kampala. Msihangaike. Mti ule hutaka baridi kali ya miezi kadhaa ndipo uchanue vizuri, nasi tuko kwenye ikweta. Ndugu yake wa kwetu, Cornus volkensii, ni wa misitu ya milimani kama Elgon. Aliye Kapchorwa, kwenye miteremko ya Elgon, aujaribu. Sisi wa mjini tuchague hivi.

Wa kwanza ni musambya, wala sisiti. Ni wa hapahapa, hukua wima bila kutandaza matawi hadi kwa jirani, na ukikatwa huchipua tena. Maua yake ni ya manjano. Chungulia ndani ya ua utaona michirizi ya wekundu wa kahawia, na mara nyingi nyuki yumo.

Wa pili ni frangipani, ambao watu wa pwani huuita msanapichi. Haukui sana, kwa hiyo unafaa hata karibu na veranda. Huu usiununue: omba tawi kwa jirani, liache kivulini wiki moja jeraha likauke, kisha lichomeke. Utomvu wake huwasha, nawa mikono.

Jacaranda ni wa tatu, kwa mwenye nafasi tu. Mkrismasi, yaani flamboyant wa maua mekundu, nao mizizi yake hutambaa juujuu na kuinua sakafu ya ua. Kifabakazi, ule wa maua makubwa ya rangi ya moto, naupenda mno, lakini matawi yake huvunjika upepo ukivuma; usiupande karibu na bati wala gari.

Ukishachagua mti, kagua kavera, yaani mfuko wa plastiki wenye mche. Musambya wangu wa kwanza niliuchagua kwa urefu, ulinipita kimo. Kuchana kavera, mizizi imejizungusha kama ngata ya kubebea ndoo. Miaka miwili haukusogea, kisha mvua moja ikauangusha. Iliniuma. Sasa nachukua mche mfupi wenye shina nene na majani ya kijani kibichi, na nainua kavera nihakikishe mizizi haijatoboa chini. Mwuzaji akikukataza kuinua, nenda kwa mwingine.

Nunua Machi au Septemba, mvua zikianza. Chimba shimo la futi mbili, changanya udongo na samadi iliyooza, na nyasi za kufunika zisiguse shina, maana mchwa hupandia hapo.