Bango la foleni: nyota tatu kwa fundi wetu wa Mwanga

Nina kibanda cha kutuma na kutoa pesa hapa Mwanga, Kigoma, na mwezi wa tatu nilitaka bango. Wateja wangu ni mchanganyiko: wenyeji, Wakongo wanaoshukia Kibirizi na mizigo yao, na mara mojamoja Mzungu wa kwenda Gombe kutazama sokwe ambaye amekumbuka dakika ya mwisho kwamba hana shilingi. Wote wanasongamana dirishani, mikono mitatu inaingia kwa mpigo. Kwa hiyo niliagiza lugha tatu: "Panga foleni hapa", chini yake Kiingereza, chini kabisa Kifaransa.

Duka silitaji jina. Wanachapa kadi za harusi, fulana na mabango. Nianze na mazuri, maana yapo. Ubao wa plastiki mgumu, sentimita 60 kwa 40, shilingi 22,000 pamoja na matundu ya kuning'inizia. Mvua za Aprili zimeupiga, jua limeupiga, rangi haijapauka. Wanapokea simu. Walisema Alhamisi na Alhamisi nikaupata, jambo ambalo kwa fundi yeyote ninayemjua mimi, wa cherehani au wa milango, ni la kusimuliwa.

Shida ni herufi. Kosa la kwanza nakiri lina mkono wangu: Kiingereza nilikituma kwa ujumbe wa sauti. Nilisema "Please queue here", na "queue" hutamkwa "kyuu" tu, sawasawa na herufi Q. Kijana akaandika alichosikia: PLEASE CUE HERE. Nalo ni neno halali, ndiyo maana kompyuta haikulipigia mstari mwekundu. Lakini "cue" ni ile fimbo ya kuchezea "pool" mezani, au ishara anayopewa mwigizaji aanze kusema. Mdogo wangu alipouona ubao akauliza meza iko wapi.

Hilo ningelimeza. Kilichoniudhi ni mstari wa tatu. Kifaransa nilimtumia kwa maandishi, "Faites la queue ici", nimeandikiwa na mteja wangu mmoja wa Uvira, Kongo. Fundi akaona maneno mawili ya maana moja yana tahajia mbili, akaamua moja limekosewa, akasahihisha lililo sahihi! "Faites la cue ici." Jibu lilikuwa vidole vinne chini ya kosa, yeye akalifuta.

Yule mama wa Uvira alicheka mpaka akaweka mzigo chini. "Dada, queue njo mukia!" Kumbe kwa Kifaransa mkia na foleni ni neno lilelile, na Waingereza walilichukua huko na tahajia yake nzima. Tangu siku hiyo sikosei: q, kisha u-e mara mbili, mkia unaburuzwa nyuma. Kwetu sisi tunaosoma kila irabu, herufi nne za kukaa kimya ni anasa. Na "queueing" hupanga irabu tano mfululizo, ingawa ukipunguza e moja ukaandika "queuing" hujakosea. Sisi foleni yetu tuliipata kwenye amri ya askari wa Kiingereza, "fall in", tukaiandika tunavyoitamka, yakaisha.

Nikaurudisha ubao. Rasimu mpya kwenye WhatsApp ikaja na QUE, ambalo kwa Kiingereza si neno, na Mkongo angelisoma "kwamba". Kijana kachoka, akashauri: "Dada, si tuweke 'line' tu? Wamarekani ndivyo wanavyosema." Ni kweli, wao husema "wait in line", na watu wa New York "on line". Ila yeye alileta "Wait online here", maneno yameungana, yaani mteja asubiri kwenye intaneti. Mimi ambaye mtandao ukikatika matusi yote ni yangu, nining'inize hilo dirishani?

Nikashika kalamu, nikaandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi, nikapiga picha. Ubao wa pili ukatoka sahihi siku hiyohiyo. Walitaka 22,000 nyingine. Tukabishana mpaka bosi wao akatoka ndani, nikalipa 10,000 kwa ajili ya ile sauti yangu. Kosa la Kifaransa nilimwambia wazi kwamba ni lao.

Nitarudi kwao, kwa sababu kazi ya mikono yao ni safi kuliko ya wengine niliowajaribu. Ukienda, peleka maandishi, na rasimu isome herufi kwa herufi kabla ya kujibu "sawa". Ile ya kwanza mimi niliijibu "sawa" huku nahesabu pesa za mtu.

Ubao wa CUE sikuutupa. Nimeugeuza, nikaandika nyuma kwa makapeni MTANDAO HAKUNA, na kusema kweli unakaa dirishani kuliko ule mpya.