Bushi za skeitibodi na viatu vya matairi: pima kimo kwanza, ugumu baadaye

Mwezi wa saba mdogo wangu alianguka kwenye mteremko kule Mtumba. Goti lilichubuka vibaya, na kosa halikuwa lake. Mimi ndiye niliyemnunulia bushi mpya za skeitibodi yake, ile mipira ya kwenye traki (vyuma vinavyoshika matairi), hapa mjini Dodoma, na muuzaji aliniapia: "Hizi zinaingia zote, dada, we chukua tu." Kuingia ziliingia. Ila zilikuwa ndefu kuliko za zamani kwa kama milimita mbili, kwa hiyo nati ilishika nyuzi chache za mwanzo na haikufika kwenye ile pete ya nailoni iliyo ndani yake. Pete hiyo ndiyo inayozuia nati isijifungue kwa mtetemo. Siku ya tatu nati ilijifungua yenyewe, traki ya mbele ikalegea, bodi ikamkatikia kushoto akiwa kasi.

Tangu hapo, kila jioni pale Nyerere Square, mtu akiniuliza anunue bushi laini au ngumu, mimi namuuliza za kwako zina kimo gani. Wengi hawajui. Wanajua rangi.

Kwa anayeanza: bushi ni ile mipira miwili ya poliurethani inayokaa juu na chini ya hanga, kile chuma cha traki chenye ekseli ya matairi, ikipitiwa katikati na boliti kubwa, kingpini. Ukilalia upande mmoja inabonyea, matairi yanakata kona. Ukisimama wima inakurudisha katikati. Na si jambo la skeitibodi peke yake. James Plimpton wa Marekani aliweka mpira wa namna hiyo kwenye viatu vya matairi mwaka 1863, miaka mingi kabla ya skeitibodi yoyote. Ndiyo maana nawaweka watu wa viatu na watu wa bodi kwenye mwongozo mmoja.

Ugumu hupimwa kwa Shore A. Bushi ya 78A ni laini sana, ya 100A ni kama jiwe. Mwepesi achukue laini, mzito achukue ngumu. Hilo utaambiwa popote, sitalirudia.

Kimo ndicho kinachowaumiza watu. Bushi ndefu kupita kiasi inakuachia nati juu juu, kama ilivyomkuta mdogo wangu. Bushi fupi ina ubaya wake wa kimya: unakaza, unakaza, hanga bado inacheza, na ncha yake inasagika ndani ya kikombe chake, kile kishimo inamokaa, mpaka kikombe kinapasuka. Ukisikia "kwa kwa kwa" ukipita kwenye viungio vya vigae, usilaumu beringi kwanza. Halafu kuna tundu la katikati. Kingpini ya traki nyingi za skeitibodi ni inchi 3/8, yaani milimita 9.5 hivi. Bushi yenye tundu pana itahama huku na huku, na bodi haitarudi katikati hata uivalishe bushi ngumu namna gani.

Mtego wenyewe uko kwenye kupima. Watu wanatoa bushi iliyochoka, wanaweka rula, wanaenda dukani na hiyo namba. Bushi iliyokazwa mwaka mzima imebonyea na haitarudi yote. Nilipeleka zetu kwa fundi wa pikipiki Majengo mwenye venia, kile kipimio cha milimita: ya chini iliyotumika ilisoma milimita 13, mpya ya aina ileile ilisoma 15. Kwa hiyo pima zote ulizonazo, uamini ile iliyochoka kidogo kuliko zote. Ukishafunga mpya, itazame kwa ubavu: mkia wa kingpini uwe umefika usawa wa juu wa nati au umepita. Usipofika, zirudishe dukani siku hiyohiyo. Usijidanganye kwamba zitabonyea zenyewe.

Sasa zipi za kununua. Kwa skeitibodi ya kawaida, nambari moja kwangu ni Bones Hardcore, wala sifichi kwamba nazipenda. Zipo 81A, 91A na 96A, na katikati zina kiini kigumu kilichoungana na mpira wenyewe, kwa hiyo hazipepesuki kwenye kingpini. Jua la Oktoba la Dodoma hulegeza mpira laini mpaka bodi inakuwa kama inaelea. 91A zangu zimevuka misimu miwili bila kupasuka mdomo. Mtu mwembamba achukue 81A.

Ya pili ni bushi ya aliyetengeneza traki. Una traki za Independent, nunua za Independent, na suala la kimo limeisha hapo. Kwa bodi ndefu natazama Venom au Riptide zenye umbo la pipa. Traki nyingi za bodi ndefu hutumia mapipa mawili ya inchi 0.6, milimita 15.

Kwa viatu vya matairi nisikilizeni vizuri: msinunue bushi za skeitibodi. Ni kubwa, na traki za viatu hazifanani hata zenyewe kwa zenyewe. Zipo ambazo kingpini imesimama karibu wima, nyuzi 10, na zipo zilizolala nyuzi 45. Kama sahani yako, lile bamba la chini ya kiatu linaloshika traki, ni Sure-Grip, tafuta za Sure-Grip za sahani hiyohiyo.

Zile za elfu nane zinazouzwa ndani ya mfuko usio na namba yoyote, ziacheni.

Na hapa nina la kusema na wauzaji. Skeitibodi ina traki mbili, bushi nne. Jozi ya viatu ina traki nne, bushi nane. Lakini dada wa watu anauziwa nne, anaambiwa "seti kamili", anafika Nkuhungu anakuta kiatu kimoja hakina kitu, anarudi kulipa tena. Hili nimelisikia kwa wasichana watatu mwaka huu. Ukiuliza milimita unajibiwa rangi. Ukiagiza Dar unalipia mzigo wa basi, unaufuata Nanenane, kisha ukikosea kimo hakuna anayekubali kubadilisha kwa sababu "umeshafungua". Andikeni kimo na tundu kwenye mfuko. Ni namba mbili tu.

Mkifunga, nati ya kingpini ya skeitibodi inataka spana ya 9/16. Namba 14 haiingii, na 15 inakula pembe za nati. Za mdogo wangu zilishakuwa duara, ikabidi fundi azitoe kwa praya.