Vizibo vya masikio kwa mwenye mlio masikioni: nilivyojaribu na ninavyovaa sasa

Nina mlio masikioni, wengine huita tinitasi. Wangu ni mwembamba, wa juu, unasikika zaidi upande wa kushoto na hauna saa ya kupumzika. Daktari wa masikio, pua na koo alinipima, akahakikisha hakuna ugonjwa mwingine uliojificha, kisha akaniambia wazi kwamba hakuna kidonge cha kuuzima. Kazi iliyobaki ni kulinda usikivu nilio nao, kwa sababu kelele kubwa inaweza kuuzidisha mlio. Nami kelele ninayo ya kutosha: mchana niko karakana ya vyuma, grainda na nyundo, na jioni nikipata nafasi naenda kusikiliza muziki wa jukwaani. Kuacha vyote viwili haiwezekani, kwa hiyo nikaingia kwenye vizibo.

Hukumu yangu naitoa mapema: kizibo chenye uwezo mkubwa kuliko vyote ndicho ninachokivaa kwa muda mfupi kuliko vyote.

Hicho ni kile cha sponji, cha kusokota. Pakiti zake zinajisifu kwa namba ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ambazo kizibo kinapunguza, na zile za Marekani huiandika NRR, ambapo 33 ndiyo karibu na kilele kwa vizibo. Namba hiyo inatoka maabara, kwa watu waliovishwa wakatulia. Nje ya maabara mambo ni mengine. OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, hufundisha hesabu ya tahadhari pale kelele inapopimwa kwa dBA, yaani desibeli zilizorekebishwa kufuata jinsi sikio linavyosikia: toa 7, kisha gawa kwa 2. Kwa hesabu hiyo 33 inabaki 13. Bidhaa za Ulaya hubeba SNR, namba yao ya kupunguza kelele, ambayo hupimwa kwa utaratibu wake, hivyo usiweke pakiti mbili mezani ukasema hii ya 37 inaizidi ile ya 33.

Hata hiyo 13 huipati ukikichomeka ovyo. Osha mikono, ikauke. Sokota kizibo kati ya vidole polepole mpaka kiwe chembamba na laini, bila mikunjo, kwa sababu mkunjo unaacha kijia na kelele haihitaji zaidi ya hapo. Kama unaziba sikio la kulia, pitisha mkono wa kushoto nyuma ya kichwa, shika ncha ya sikio, ivute juu na nyuma ili tundu linyooke. Sukuma kizibo ndani, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 20 hadi 30 kikitanuka. Watu wengi hapa kwenye kushikilia ndipo wanapokosa subira. Wanaachia, nacho kinarudi nje taratibu. Kipimo changu ni cha viganja: ukishakivaa, funika masikio kwa mikono miwili penye kelele. Kelele ikishuka sana, kizibo hakijakaa.

Kikikaa vizuri, kwa grainda sina ugomvi nacho. Kazi ikiwa nzito naongeza vifunika masikio vya kichwani juu yake, ingawa viwili pamoja havijumlishi namba zao; unapata kama desibeli 5 zaidi ya kile chenye nguvu, maana sauti nyingine hupita kwenye mifupa ya kichwa. Shida inaanza grainda inapozimwa. Simsikii mwenzangu anayeniita. Sauti yangu inanguruma kichwani, hata kutafuna kunakuwa na mwangwi. Na ule mlio, ambao kutwa nzima ulikuwa umefunikwa, unabaki peke yake nami na unajua hivyo.

Hilo la mwisho ndilo linalotutofautisha sisi na wanunuzi wengine, na nashangaa halisemwi kwenye maelezo ya bidhaa. Kishawishi cha kuvaa vizibo kutwa, kwenye basi, dukani, nyumbani wakati vyombo vinaoshwa, ni kikubwa sana, hasa kwa wale ambao sauti za kawaida zimeanza kuwaudhi. Mwaka 2012 mtafiti Roland Schaette na wenzake walichapisha jaribio ambalo watu 18 wenye usikivu mzuri walivaa kizibo kwenye sikio moja kwa siku 7. Wengi wao walianza kusikia milio isiyokuwepo, na kizibo kilipotolewa ikaondoka. Tafsiri yake ni kwamba ubongo ukinyimwa sauti huongeza usikivu wake wenyewe, ukitafuta kilichopotea. Sasa mtu ambaye tayari ana mlio, anautafutia nini ukimya wa bandia? Mimi nyumbani sivai. Usiku ndiyo kabisa. Naacha feni ikivuma chini chini, na mlio unachanganyika nayo.

Kwa muziki sponji inaua raha kwa sababu nyingine. Inakata zaidi sauti za juu kuliko besi, kwa hiyo unabaki na mdundo na ukungu. Maneno ya mwimbaji unayakisia. Matokeo yake mtu anakivua "kidogo tu" kwa wimbo anaoupenda, halafu kidogo nyingine. Hapo hesabu ni katili. Kizibo cha desibeli 30 ukikivaa nusu ya muda tu, wastani wa ulinzi uliopata ni kama desibeli 3. Desibeli hazijumlishwi kama maembe: kila zinapopanda 3, nguvu ya sauti inakuwa maradufu, na zile dakika za wazi ndizo zinazobeba mzigo wote.

Nikaanza kuangalia vizibo vyenye kichujio. Nilivyokaa navyo kwa muda mrefu ni ER20XS vya Etymotic Research, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa na Mead Killion mwaka 1983, ambayo mwaka 1988 ilileta kichujio cha ER-15 kwa ajili ya wanamuziki. Ujanja wake naupenda. Tundu la sikio lililo wazi lina mwitikio wake, linakuza sauti zilizo karibu na hezi 2,700. Ukiliziba, ule mkuzo unapotea, ndiyo sababu kila kitu kinasikika kama kimefunikwa blanketi. Kichujio kimetengenezwa kurudisha umbo hilo huku kikishusha sauti zote karibu sawa. Rangi ya muziki inabaki, unapungua ukali.

NRR yake ni 13 tu. Ukiiona pakiti yake kando ya ile ya 33 utaidharau. Lakini fanya hesabu ya muda. Kwa mujibu wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa afya kazini, desibeli 85 zinavumilika saa 8 kwa siku, na kila 3 zinapoongezeka muda unagawanywa kwa mbili. Kwenye 100 una dakika 15. Na 100 si kitu cha ajabu: ndicho kiwango ambacho WHO, Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 ilipendekeza wastani wa sauti kwenye kumbi za muziki usikizidi. Kizibo kikipunguza 12 za kweli, 100 inakuwa 88, na kwa 88 una saa 4. Onyesho zima limo humo, mradi hukivui. Nami sikivui, kwa sababu matoazi nayasikia, maneno nayasikia, na jirani akininong'oneza utani naupata.

Kasoro zipo. Vizibo hivi vya silikoni vya ngazi ngazi, vya kampuni yoyote, huanza kuwasha tundu la sikio baada ya muda, na saizi ikikosea hata kidogo besi inapenya yote. Jaribu saizi zote zilizomo kwenye kisanduku, na usishangae masikio mawili yakitaka saizi mbili. Vioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, vikauke kabisa. Mwenye nta nyingi aende ikatolewe na mhudumu wa afya kwanza, asije akaisukuma ndani kwa kizibo.

Kuna jozi nyingine nilipata, ya kampuni nisiyotaja: kisanduku kizuri, rangi tatu, maneno mengi kuhusu sauti safi, na hakuna namba ya kupunguza kelele popote. Si NRR, si SNR. Niliwapelekea ujumbe kuuliza, wakanijibu kwa kunitumia picha za rangi mpya. Kitu cha kulinda sikio kisichosema kinalinda kiasi gani ni pambo.

Sasa ninavyovaa zaidi kwenye muziki ni vya kuchukuliwa umbo la sikio. Mtaalamu wa usikivu alichungulia kwanza kwa taa, akaweka ndani kabisa kipande kidogo cha sponji chenye uzi, ili rojo lisifike kwenye ngoma ya sikio. Kisha akajaza silikoni laini kwa bomba. Ni ya baridi, inaingia bila maumivu, na upande ule wa dunia unazimika. Wakati inaganda aliniambia nifungue na kufunga taya, kwa sababu tundu hubadilika mdomo unaposogea, na kizibo cha mtu aliyenuna kinavuja akianza kuimba. Dakika chache baadaye akavuta kipande cha mpira chenye kona zote za sikio langu, kimepinda kuliko nilivyodhani.

Vichujio vyake hubadilishwa: kuna cha desibeli 9, cha 15 na cha 25. Cha 15 kinanitosha mara nyingi. Nikijua nitakaa karibu na ngoma naweka cha 25. Vinazama ndani zaidi, hivyo ngurumo ya sauti yangu mwenyewe ni ndogo. Kwa anayekwenda kwenye muziki mara moja moja, vile vya kawaida vya kichujio vinatosha, wala simshauri ahangaike na silikoni ya kuganda. Na aliyeanza kusikia mlio juzi tu, au wa sikio moja peke yake, au unaodunda sambamba na mapigo ya moyo, au usikivu wake umeshuka ghafla, asisome mapitio ya vizibo. Aende kwa daktari, na kwa hilo la ghafla aende leo.

Changu cha kulia kimeanza kulegea nikicheka. Sikio hubadilika umbo kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo mtaalamu amesema nirudi achukue umbo upya. Vichujio vilevile vitahamishiwa kwenye kipya.