Tikiti la kiangazi Tabora: lipi ubebe, lipi ulirudishe kwenye lundo

Septemba ikiingia Oktoba, Tabora inaungua. Mchana joto hufika nyuzi 32, mvua bado haijaanza, na maembe yangali machanga mtini. Hapo ndipo tikiti maji linapokuwa tamu kuliko miezi mingine yote, na sababu si hamu ya watu peke yake. Mvua za mkoa huu hukatika Aprili au Mei, kwa hiyo tikiti linaloiva sasa limelimwa kwa kumwagilia au kwenye bonde lenye unyevu. Limepata jua kali kila siku, na mkulima ameweza kupunguza maji siku za mwisho kabla ya kuvuna. Mvua za Novemba zikilikuta shambani linanywa maji ghafla: utamu unapoa, na mengine yanapasuka yenyewe. Anayependa tikiti asingoje Desemba.

Kabla ya kuyapanga matikiti kwa nafasi, kuanzia la kununua kwanza hadi la mwisho, shika hili moja: tikiti haliivi nyumbani. Mkungu wa ndizi ukiufukia unaiva, embe na parachichi vilevile. Tikiti likishakatwa kwenye mche, sukari yake imeishia pale. Ukilikalisha siku tano nyama italainika, wekundu unaweza kukolea kidogo, utamu hautaongezeka hata chembe. Muuzaji akikuambia "liache mpaka Jumapili litakuwa zuri", anakuuzia tikiti changa.

Nafasi ya kwanza: zima, la mistari, kilo 5 hadi 7

Hili ni lile la mviringo au umbo la yai, kijani hafifu lenye mistari ya kijani kilichokoza. Sokoni wengi huliita "la sukari" bila kujali mbegu. Mara nyingi litakuwa Sukari F1 au ndugu wa Crimson Sweet, mbegu iliyotolewa Kansas, Marekani, mwaka 1963 na kuenea dunia nzima kwa sababu ya utamu wake. Usihangaike kumuuliza mchuuzi jina la mbegu, yeye alinunua kwa fuso au kwa guta, hakununua pakiti.

Kwa nini kilo 5 hadi 7 na si chini ya hapo? Kwa sababu ya ganda. Tikiti la mviringo lenye kipenyo cha sentimita 20 na ganda la sentimita moja na nusu linakupa nyama takriban asilimia 60. Lenye kipenyo cha sentimita 25, ganda likiwa na unene uleule, linakaribia asilimia 70. Na hilo la pili, ambalo kwa macho ni kubwa kidogo tu, lina uzito karibu mara mbili ya la kwanza. Wauzaji wetu wengi hupanga bei kwa kukadiria ukubwa bila kupima, kwa hiyo anayejua kukadiria vizuri kuliko muuzaji ndiye anayepata.

Beba uzi au kipande cha kamba ulichokwisha kukipima nyumbani. Zungusha kwenye tikiti la mviringo sehemu iliyo nene kuliko zote. Mzingo wa sentimita 63 ni karibu kilo 4. Sentimita 70 ni kilo 5 na nusu hivi. Sentimita 79 unakaribia kilo 8. Kisha omba mizani kwa jirani yake anayeuza nyanya. Kama uzi unasema kilo 5 na nusu na mizani inasema 4 na nusu, ndani kuna uwazi: moyo umepasuka. Hali hiyo hutokana hasa na uchavushaji hafifu wakati ua lilipokuwa changa. Nyama yake inalika, na wakati mwingine ni tamu kabisa, ila unalipia hewa na halikai siku nyingi.

Sasa dalili za kuiva, na hapa usiwe na haraka.

Ya kwanza ni doa la ardhini, yaani sehemu tikiti lilipolalia. Wachuuzi hulipanga doa likiwa chini, na vumbi jekundu la barabarani hulifunika, kwa hiyo ligeuze na ulifute kwa kitambaa chenye maji. Unataka njano ya siagi. Jeupe au kijani hafifu ni changa, lirudishe hata kama lina ukubwa wa mtungi. Doa lisionekane kabisa? Huenda mkulima alikuwa analigeuza, basi tegemea dalili nyingine. Usichanganye doa hili na baka jeupe lililo upande wa juu. Hilo ni la kuungua na jua, na chini yake nyama mara nyingi ni ngumu na haina ladha.

Ya pili ni ngozi. Tikiti lililokomaa hufifia mng'ao. Linalometameta kama limepakwa mafuta, ama ni changa ama limepakwa mafuta kweli.

Ya tatu ni kikonyo, ambacho watu wengi wanakisoma vibaya. Kikonyo kikavu hakikuambii kuwa tikiti liliiva, kinakuambia kuwa limekatwa siku nyingi. Kinachoonyesha kuiva ni ule uzi mdogo wa kujisokota ulioota karibu na kikonyo: mkulima mzoefu huvuna ukiwa umekauka na kuwa kahawia. Kwenye matikiti mengi huwa umeshang'oka kabla ya kufika sokoni, lakini likibaki na kipande cha shina, tazama.

Kupiga konzi kunasaidia, ila kwa kulinganisha tu. Chukua mawili yenye ukubwa sawa, lishike moja kiganjani, ligonge kwa vidole vya mkono wa pili. Lililoiva linatoa sauti nzito, ya ndani, na kiganja kinasikia mtetemo. Changa linalia kwa sauti nyembamba. Lililopitiliza au lililopondeka safarini linatoa sauti iliyokufa, kama unagonga unga kwenye kiroba. Katikati ya kelele za Soko Kuu, kiganja kinasema kweli kuliko sikio.

Mwisho bonyeza kwa kidole gumba upande wa pili wa kikonyo, pale ua lilipokuwa. Pawe pagumu. Pakibonyea, au pakiwa na duara jeusi, kumeanza kuoza: mmea ulikosa kalsiamu, kwa kawaida kwa sababu ulimwagiliwa leo ukasahauliwa wiki nzima.

Na lile dai la sokoni kwamba kuna "tikiti dume" na "tikiti jike", eti umbo ndilo linaloonyesha? Liache hapohapo. Mche mmoja una maua dume na maua jike, na tunda hutoka kwenye ua jike tu. Matikiti yote yametoka kwenye ua jike, yawe na umbo lolote.

Nafasi ya pili: dogo jeusi

Sugar Baby, mviringo kama mpira, kijani kilichokoza hadi kuonekana jeusi, kilo 3 hadi 5. Kwa mtu anayeishi peke yake au watu wawili wasio na friji hili linapanda kuwa la kwanza, kwa sababu linaisha siku hiyohiyo. Doa lake la njano huonekana wazi dhidi ya weusi, kwa hiyo si rahisi kudanganywa. Hasara yake ni ganda, kwa hesabu ile ya juu, na mbegu. Ukiwa na watoto, mbegu si hasara: zioshe, zianike, zikaange kwa chumvi.

Nafasi ya tatu: nusu iliyokatwa mbele yako

Hapa unaona unachonunua, jambo kubwa. Nyama iwe nyekundu mpaka karibu na ganda, mbegu nyeusi au kahawia iliyokoza. Mbegu nyeupe nyingi kwenye aina ya mbegu nyeusi ni uchanga. Nyama yenye chembechembe zinazoachana na maji yaliyotuama imepitiliza. Masharti ni mawili: lioshwe ganda kwanza, na kisu kioshwe. Tikiti limelala chini shambani, limelala kwenye fuso, limelala sokoni; kisu kinachopita kwenye ganda chafu kinapeleka uchafu wote katikati. Ukishindwana na muuzaji kuhusu maji ya kuoshea, nenda na ndoo yako au nunua zima.

Wengine hukata kidirisha cha pembetatu uonje. Hakikisha kimefika katikati, maana kando utamu ni mdogo kuliko moyoni, usije ukalikataa tikiti zuri. Na tikiti lililotobolewa kidirisha linaliwa siku hiyohiyo. Ukilikuta limetobolewa tangu asubuhi, liache.

Nafasi ya nne: refu la kijivu

Charleston Gray na jamii yake: kama gogo, kijani cha majivu bila mistari ya wazi, kilo 10 na zaidi. Ganda lake ni gumu na linavumilia safari. Kwa harusi, hitima au wageni ishirini, hili ndilo la kununua, na bei kwa kilo ndiyo hushuka kuliko zote. Kwa familia ya watu wanne ni mzigo. Nusu yake itakufia. Uzi wa mzingo haufanyi kazi hapa, dai mizani. Piga konzi sehemu tatu, mwanzo, katikati na mwisho, kwa sababu tikiti refu linaweza kuwa limepondeka upande mmoja tu uliolalia chini ya lundo.

Nafasi ya tano: kipande cha barabarani

Stendi ya mabasi, saa nane mchana, kipande chekundu kwenye beseni. Tunaelewa. Lakini fanya hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, tikiti la kilo 6 ni shilingi 5,000 na kipande cha gramu 250 pamoja na ganda ni 500. Tikiti lile linatoa vipande 24, yaani 12,000. Weka bei za siku yako, uone. Anayekula peke yake njiani halalamikii tofauti hiyo, analipia kazi ya mtu.

Tatizo ni saa. Chungwa lina uchachu unaozuia vijidudu kidogo, tikiti halina. Nyama yake ni maji zaidi ya asilimia 90 pamoja na sukari, na joto likipita nyuzi 32, kitu cha namna hiyo kilichokatwa hakipaswi kukaa nje zaidi ya saa moja. Plastiki ya kufunikia inazuia nzi, haizuii joto. Vinavyomwagiwa maji ili ving'ae uviogope zaidi, maana hujui maji yalitoka wapi. Nunua kwa anayekata kimoja kimoja kadiri wateja wanavyokuja.

Nafasi ya mwisho: juisi

Mara nyingi ndiko yanakoishia matikiti yaliyopasuka na yaliyopitiliza, kisha sukari inaongezwa kuficha. Kwa anayehesabu sukari, gramu 200 za tikiti lenyewe zina gramu 12 hivi. Glasi ya juisi iliyotiwa sukari huwezi kuijua. Ukiitaka, itengeneze nyumbani na limao na tangawizi, bila sukari.

Ukishafika nalo nyumbani

Zima linakaa wiki moja hadi siku kumi sakafuni, kivulini, mbali na mkungu wa ndizi zinazoiva na maembe. Matunda hayo hutoa hewa inayolainisha nyama ya tikiti hadi iwe kama uji. Usilibwage. Bodaboda ikirusharusha, nyama hupondeka ndani bila ganda kuonyesha kitu, kwa hiyo lilaze kwenye beseni lenye majani au kanga.

Bila friji? Lifunge kwa gunia la katani au kitenge kikuukuu kilicholowa, liweke penye upepo jioni, liloweshe tena kabla ya kulala. Hewa kavu ya Tabora msimu huu inanyonya maji ya gunia haraka, na joto la tikiti linaondoka nayo. Alfajiri utalikuta baridi. Msomaji wa Kigoma, hasa aliye karibu na ziwa, atapata ubaridi mdogo zaidi kwa njia hii kwa kuwa hewa yake ina unyevu. Kwake bora kulizamisha kwenye pipa la maji safi usiku kucha, kilo 6 hazipoi kwa saa moja.

Mwenye friji akate vipande vikubwa, avifunike, avile ndani ya siku tatu. Kukata, anza na ncha zote mbili, lisimamishe, kisha lipasue kwa urefu. Ukilikata mviringo, wa kwanza kufika mezani anaondoka na moyo wote na wa mwisho anabaki na weupe wa ganda. Kwa urefu, kila kipande kinabeba sehemu yake ya moyo. Chumvi kidogo na pilipili ya unga, kama ile ya maembe mabichi, vinaenda nalo vizuri kuliko watu wanavyodhani.