LUKU: risiti moja, wenye lawama wengi

Umeme ukikatika, wa kwanza kutajwa ni Waziri wa Nishati, kisha Rais. Anayetaka kujua wa kulaumiwa ni nani hasa aanze na risiti ya LUKU, mfumo wa Tanzania wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, maana karibu kila mstari wake una aliyeuamua.

Mteja wa nyumbani aliye T1, kundi la matumizi ya kawaida, hutozwa Sh 292 kwa uniti. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, hivyo uniti inafika kama Sh 356. Umeme wa Sh 10,000 bila deni ni uniti 28 na kidogo. Ununuzi wa kwanza wa mwezi hukatwa kodi ya majengo, Sh 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Zikibaki 8,500 utapata uniti 23.9 hivi. Hapo ndipo watu husema mita inakula umeme, kumbe ni kodi.

Bei ya uniti huombwa na TANESCO, shirika la umeme, na kuidhinishwa na EWURA. VAT na kodi ya majengo ni za Bunge. Kodi ya majengo iliingizwa LUKU kwa Sheria ya Fedha ya 2021, ikiwa Sh 1,000 kwa mwezi, na Julai 2023 ikapanda. Hakuna waziri aliyeipitisha peke yake. Wabunge walipiga kura, na waulizwe majimboni mwao. Kasoro yake ni kubwa: kodi inaifuata mita badala ya mwenye nyumba, kwa hiyo mpangaji analipia jengo lisilo lake. Mpangaji atunze risiti na akubaliane na mwenye nyumba kiasi hicho kipunguzwe kwenye pango. Nyumba moja yenye mita mbili ikikatwa mara mbili, mwenyewe apeleke namba zote za mita TRA, mamlaka ya mapato.

Walio D1, kundi la watumiaji wadogo, wanalipa Sh 100 kwa uniti 75 za mwanzo wa mwezi, yaani Sh 9,150 pamoja na tozo. Ya 76 inaanza kuhesabiwa kwa Sh 350 kabla ya tozo. Hita ya kuogea ya wati 3,000 humaliza uniti 3 kwa saa, kwa hiyo D1 na hita havikai nyumba moja.

Sasa mgao, ambao ndio unaowasha hasira. Februari 2008, baada ya sakata la Richmond, kampuni iliyopewa mkataba tata wa umeme wa dharura, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu na mawaziri wawili wakaondoka naye. Uwajibikaji ule ulistahili. Lakini mwaka 2011 nchi ilikuwa gizani tena, kwa sababu bado tulitegemea mno maji ya mabwawa ya Mtera, Kidatu na Kihansi. Mwaka 2023 ilibadilishwa safu nzima, Waziri na Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO, na mgao ukaendelea hadi mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipoingiza megawati 235 Februari 2024. Bwawa hilo lina mitambo tisa, megawati 2,115 kwa jumla. Mkataba ulisainiwa Desemba 2018 na kazi ilitakiwa kuisha Juni 2022. Kumfukuza mtu hakuongezi megawati hata moja. Mtambo hupangwa miaka mingi kabla, na uzembe wa leo utamkuta waziri mwingine ofisini.

Hata hivyo, msiitumie hoja hii kumfichia mtu kosa lake. Kuunganishiwa umeme kwa Sh 27,000 hadi mijini lilikuwa agizo la kisiasa lililotolewa bila kutafutiwa fedha ya nguzo, waya na mita. Januari 2022 bei ya mjini ikarudi Sh 320,960. Hapo aliyeagiza anajulikana, na alistahili kuulizwa.

Kuna na lisilo la serikali yoyote. Namba za umeme tunazoingiza kwenye mita zilihesabu dakika tangu 1 Januari 1993 na hesabu ikafika kikomo 24 Novemba 2024. Ndiyo maana wateja walipewa makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kwanza ya kubadili mita, la tatu la umeme. Aliyeanza na la tatu alikataliwa.

Kwa huduma yenyewe, kununua kwa simu ni rahisi na risiti inasomeka. Hapo TANESCO inastahili sifa. Taa zikififia jioni huku za mtaa wa pili ziking'aa, sababu huwa ni transfoma iliyozidiwa au laini iliyovutwa mbali mno. Hilo si la Ikulu. Ripoti ofisi ya wilaya, dai namba ya taarifa, andika tarehe na saa. Wakikaa kimya, peleka malalamiko kwa maandishi EWURA, ukiambatisha namba hiyo na namba ya mita.