Helmeti, Kioo na Ukungu: Ununue Nini Kwanza Ukiendesha Pikipiki Arusha na Moshi

Kuanzia Juni hadi Agosti, anayeshuka kutoka Ngaramtoni kwenda mjini alfajiri hupata maji pande zote mbili za kioo: manyunyu kwa nje, mvuke wa pumzi yake kwa ndani. Ya nje unayafuta kwa glavu. Ya ndani huyafikii, na kila ukipumua yanaongezeka. Wengi huishia kufunua kioo na kuendesha uso wazi, na hapo mchanga unaorushwa na lori, mdudu au kijiwe kinapiga jicho moja kwa moja. Kwa hiyo ununuzi wa kuzuia ukungu ni ununuzi wa kulinda uso, na usitenganishwe nao.

Ukungu huu una sababu moja. Arusha ipo takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, asubuhi zake ni za baridi, na upepo wa mwendo hukipoza kioo zaidi. Pumzi ina joto na unyevu. Ikigusa kioo kilichopoa, mvuke wake hugeuka matone madogo sana yanayotawanya mwanga wa taa zinazokuja mbele yako. Dawa ziko za aina tatu tu: kuzuia pumzi isifike kiooni, kuzuia upande wa ndani wa kioo usipoe, au kuyafanya maji yatandae kama utando mwembamba badala ya kusimama kama matone. Kifaa chochote utakachoonyeshwa dukani kinafanya moja kati ya hizo. Muuzaji asipoweza kukueleza ni ipi, weka pesa yako mfukoni.

Nafasi ya kwanza: helmeti ya uso mzima yenye kioo cha Pinlock

Pinlock ni kioo chembamba cha pili kinachobandikwa ndani ya kioo cha helmeti. Pembeni kina ukingo wa silikoni unaofunga hewa kati ya vioo viwili. Hewa hiyo huzuia baridi ya nje isifike ndani, na plastiki yake hufyonza unyevu. Kwa mtu wa Marangu, Kibosho, Machame au Ngaramtoni anayetoka kabla ya jua, hakuna kinachoishinda.

Ila kioo cha helmeti lazima kiwe na pini mbili ndogo, moja kila upande, au matundu yake. Helmeti nyingi za bei ya chini hazina, na kutoboa mwenyewe kwa msumari wa moto huleta nyufa. Pinlock pia hukatwa kwa umbo la kioo fulani, hivyo ukiagiza taja modeli ya helmeti na namba iliyochapwa kwenye kioo. Jina la kampuni pekee halitoshi.

Kufunga: osha kioo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kausha kabisa. Kikunjue kidogo kioo cha helmeti kiwe kama bapa, ingiza upande mmoja wa Pinlock kwenye pini, kisha wa pili, halafu kiachie kioo cha helmeti kijikunje chenyewe. Hakikisha silikoni imegusa kioo mzunguko wote, ndipo ubandue karatasi ya kinga. Ukiona ukungu *kati* ya vioo viwili, ukingo haujakaza: zungusha pini, maana huwa hazijakaa katikati na zikizungushwa huongeza au kupunguza mkazo. Usiifute kwa spiriti wala kitambaa kikavu chenye vumbi, kwani plastiki yake ni laini kuliko kioo chenyewe. Kasoro yake ni usiku, ambapo taa za magari zinaweza kuonekana mbili-mbili. Anayefanya kazi ya usiku aijaribu kwanza kwenye barabara anayoifahamu.

Ya pili: helmeti ya uso mzima, kinga ya pumzi na sabuni ya vyombo

Kwa bodaboda wengi huu ndio ununuzi wenye akili kuliko yote, na pengo kati yake na nafasi ya kwanza ni dogo kuliko tofauti ya bei. Kinga ya pumzi ni kipande cha mpira kinachopachikwa ndani ya sehemu ya kidevu na kufunika pua, ili pumzi ishuke chini kifuani. Inapaswa kugusa mfupa wa pua bila kuubana. Ikiacha mwanya hapo, hewa yote hupanda kiooni na umenunua bure.

Sabuni nayo ina namna yake. Osha kioo, kikauke. Weka tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo upande wa ndani, tandaza kwa kidole hadi kioo kiwe na wingu jepesi, acha dakika mbili, kisha sugua taratibu kwa kitambaa laini kikavu mpaka uone vizuri. Usisuuze. Kazi yake hudumu asubuhi moja, kwa sababu unyevu wenyewe huiyeyusha na kuishusha, basi rudia kila siku. Ukiweka nyingi itachuruzika na kuwasha macho. Sabuni ya unga na dawa ya meno ziache kabisa: zina chembe zinazokwaruza, na mkwaruzo usiouona mchana hung'aa kama nyota taa ya gari inapoupiga. Petroli na dawa za vioo vya madirisha zenye amonia nazo hudhoofisha polikaboneti, plastiki ngumu ya kioo cha helmeti, mpaka ipate nyufa nyembamba. Dawa za kupuliza za kuzuia ukungu hufanya kazi ileile ya sabuni, kwa muda mrefu kidogo na bei kubwa zaidi.

Mwendo wa polepole huongeza ukungu, kwani hewa haipiti. Kwenye foleni ya Sakina au Kijenge fungua kioo hatua ya kwanza tu, milimita chache. Chagua helmeti ambayo kioo chake hushika hatua hiyo bila kuanguka, na yenye tundu la hewa kidevuni linalofunguka kwa kidole chenye glavu.

Ya tatu: helmeti ya kidevu kinachoinuka

Inawafaa wanaovaa miwani, na wanaosimama kila mara kuongea na abiria. Chunguza lebo iliyoshonwa kwenye mkanda wa kidevu. Alama ya ECE, kiwango cha usalama cha Umoja wa Mataifa, ni herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha. Chini yake kuna tarakimu zinazoanza na 05 au 06, na baada ya mkwaju (/) herufi P. Hiyo P maana yake kidevu kimepimwa kulinda. Ukikuta NP, kile kidevu hakilindi, ni pazia la upepo tu. Stika ya DOT, alama ya kiwango cha Marekani, iliyobandikwa nyuma usiitegemee peke yake, maana stika huchapwa popote.

Ya nne: helmeti ya uso wazi na miwani ya kufunga kwa mpira

Hapa kidevu na meno havina ulinzi wowote, na ndiyo sababu iko chini. Lakini kwa vumbi la Mererani au njia za Monduli, miwani hii hulinda macho kuliko kioo chochote. Nunua yenye lenzi mbili na sponji yenye matundu. Ya lenzi moja hufunga ukungu mara unaposimama.

Kioo kirefu juu ya helmeti nusu kinafuata, na mwisho kabisa ni miwani ya jua na skafu. Skafu ina kosa ambalo wengi hawalijui: ukiipandisha juu ya pua, pumzi hukosa njia ya chini na kupanda moja kwa moja machoni. Kama baridi ni kali, vaa mzula mwembamba unaoacha pua wazi, au barakoa yenye waya wa kubana juu ya pua.

Kwa wanaovaa miwani ya macho

Pinlock haisaidii miwani, kwa sababu miwani hupata ukungu wake yenyewe. Kwenu ninyi kinga ya pumzi ndiyo ya kwanza, kisha sabuni kwenye lenzi. Agizeni fremu yenye mikono myembamba iliyonyooka, ipite kati ya helmeti na sikio, na lenzi za polikaboneti. Lenzi za kioo halisi hupasuka na kuingia jichoni.

Kabla ya kulipa, pima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, kidole kimoja na nusu juu ya nyusi. Sentimita 57 hadi 58 kwa kawaida ni M, 59 hadi 60 ni L, ingawa kila kiwanda kina jedwali lake. Mashavu yabanwe kidogo, na helmeti isizunguke ukitikisa kichwa. Kagua povu gumu la ndani: likiwa na ufa au limebonyea, helmeti hiyo imeshapigwa na haitakulinda tena, hata kama rangi yake inang'aa. Kwa sababu hiyo helmeti ya mtumba haifai.

Kioo cheusi kilichoandikwa cha matumizi ya mchana tu kisivaliwe baada ya jua kuzama. Kama huna budi kuwa nacho, nunua na cheupe cha modeli ileile, kibebe ndani ya soksi safi chini ya kiti, na ubadilishe kabla giza halijaingia.