Kwaya iliyotuhesabia hatua: uzoefu wangu wa muziki wa ndoa Lubumbashi

Nilifunga ndoa Agosti iliyopita, parokiani kwetu Katuba, na mpaka leo watu wananiuliza nyimbo zile tulizipangaje. Tulikodi kwaya ya vijana 18, ngoma mbili na kinanda, kwa dola 200. Naandika yote, mazuri na lile lililoniuma.

Siku ya kwanza ya mazoezi nilikwenda na orodha yangu ya nyimbo. Maestro, yaani kiongozi wa kwaya, hakuiangalia. Aliniuliza, "Mama, viatu vya harusi umekuja navyo?" Sikuwa navyo, akanirudisha nyumbani kuvichukua. Niliporudi alitusimamisha mlangoni mwa kanisa, mimi na baba, akasema tutembee kama tutakavyotembea siku yenyewe. Yeye alitufuata ubavuni, simu mkononi, anahesabu. Baba ana goti bovu, mguu wa kushoto anauvuta. Mpaka altareni tulitumia dakika 3 na sekunde 40. Maestro akaandika kwenye kikaratasi, akamgeukia mpiga kinanda: "Beti tatu, kiitikio mara mbili kila ubeti. Na usikimbie, mzee anatembea hivi." Akawa anapiga paja lake kwa kiganja, pole pole, pigo moja zito na moja jepesi, kama mguu wa baba yangu. Machozi yalinitoka palepale.

Nasema hivi kwa sababu nimeona harusi nyingi ambapo bibi-harusi anafika altareni wimbo ungali ubeti wa kwanza, mtu wa sono, yule wa spika, anauzima katikati ya neno. Au wimbo unakwisha yeye yuko katikati ya kanisa, kinachosikika ni visigino vyake tu.

Baba mkwe alitaka tuingie kwa ule muziki wa maharusi wa Kizungu unaojulikana kila mahali. Kwake ndoa bila huo haijakamilika. Maestro alimjibu kwa heshima kubwa: "Baba, ule ni wa Wagner, mtunzi Mjerumani, umo katika opera yake, mchezo wa kuimbwa, iitwayo Lohengrin, ya mwaka 1850. Mle ndani hauimbwi maharusi wakienda altareni. Ndoa imeshafungwa, wanasindikizwa chumbani. Na ndoa yenyewe inavunjika usiku uleule." Baba mkwe alinyamaza kidogo, akauliza kama kuna mwingine. Maestro akamwambia upo, wa Mendelssohn, mtunzi mwingine Mjerumani, aliouandika mwaka 1842 kwa ajili ya mchezo wa Shakespeare. Ulishika sana baada ya kupigwa mwaka 1858 huko London, binti wa Malkia Victoria alipoolewa. Tukakubaliana huo upigwe wakati wa kutoka, na kuingia tuingie kwa wimbo wa Kiswahili, waimbaji wakicheza mbele yetu. Shangazi mmoja aliogopa kwamba kucheza kanisani ni kukosa adabu. Padri alimkumbusha kwamba Roma iliidhinisha misa ya majimbo ya Zaire, jina la zamani la Kongo yetu, tangu 1988, na kucheza kumo ndani yake.

Nyimbo za mapenzi, zile za rumba, padri alizikataa kanisani, zikangoja ukumbini jioni. Sikubishana. Kwa wimbo wa katikati tulichagua Zaburi ya 128, ile ya mke kama mzabibu na watoto kama miche ya mzeituni kuizunguka meza. Maestro aliniambia nichague kiitikio ambacho mama yangu mdogo, asiyejua kusoma, atakishika akisikia mara moja. Hilo ndilo shauri bora nililopewa katika maandalizi yote. Kanisa zima liliitikia, hata upande wa bwana harusi waliotoka Likasi asubuhi ile.

Sasa lile lililoniuma. Siku yenyewe mpiga kinanda tuliyefanya naye mazoezi wiki nne hakuja. Walikuwa wamempeleka kwenye harusi nyingine, kwa kuwa Jumamosi za Agosti hapa ni harusi juu ya harusi, na hakuna aliyenijulisha. Aliyeletwa hakujua mwendo wetu. Alianza kwa kasi, nikahisi mkono wa baba unakaza kwenye wangu, anajitahidi kukimbizana na muziki. Maestro aliona. Alimwonyesha kijana kiganja, kinanda kikanyamaza, zikabaki ngoma, sauti na makofi, kwa mwendo uleule wa kwenye kikaratasi. Baba akashusha pumzi, tukafika vizuri.

Wiki iliyofuata maestro alikuja nyumbani, akaomba radhi mbele ya wazazi, akarudisha dola 30. Nilimsamehe, lakini jambo lile halikuwa dogo. Mpiga kinanda si kiti cha plastiki, kwamba ukikosa hiki unaleta kile.

Je, ningewachukua tena? Ndiyo, na mdogo wangu anayeolewa mwakani nimeshampeleka kwao. Safari hii tumeandika jina la mpiga kinanda kwenye karatasi ya malipo, tumetoa nusu tu, na nusu atapewa maestro baada ya misa. Mazoezi yanaanza Aprili. Viatu tayari vimenunuliwa.